Kocha mkuu si meneja: tunakosea tangu siku ya utambulisho

Klabu ikishamtambulisha kocha mpya, mashabiki hugawanyika kabla hajasimamia hata zoezi moja. Wenye matumaini husoma wasifu wake: makombe, timu alizopitia, vijana aliowaibua. Wenye mashaka husoma wasifu huohuo na kutoka na hukumu nyingine: ligi ile ni nyepesi, alikuta kikosi kimekamilika, presha ya timu kubwa haijui. Baada ya mechi tano au sita pande hizo hubadilishana maneno kufuatana na msimamo wa ligi, na aliyepokewa kama mkombozi anaanza kuitwa mwanafunzi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishana juu ya mtu ambaye hayupo. Zinamsubiri meneja, bwana mwenye mamlaka ya kusajili, kuuza, kuipanga akademi na kuijenga timu apendavyo. Aliyeajiriwa ni kocha mkuu. Kazi yake ni kuwachukua wachezaji ambao wengi wao wamechaguliwa na watu wengine, akawafanya wacheze vizuri zaidi ndani ya siku chache za mazoezi ambazo ratiba inamwachia. Ukimpima kwa kazi hiyo, maswali yanabadilika, na majibu yake huonekana uwanjani mapema kuliko kwenye msimamo.

Vyeo hivi havikubadilishwa kwa ajili ya mapambo. Liverpool ilipomchukua Jürgen Klopp Oktoba 2015 ilimpa cheo cha meneja. Arne Slot aliyemrithi mwaka 2024 akapewa cha kocha mkuu. Manchester United, klabu iliyozoea mameneja kwa miongo, ilimwita Ruben Amorim kocha mkuu alipoingia Novemba 2024. Arsenal walikwenda kinyume: Mikel Arteta aliingia Desemba 2019 akiwa kocha mkuu, na Septemba 2020 akapandishwa kuwa meneja. Ujerumani, Italia na Hispania hili si jipya. Huko mkurugenzi wa michezo ndiye anayejenga kikosi na kocha anajua hivyo tangu siku ya kusaini. England ndiyo iliyochelewa. Na kwa kuwa mabishano yetu mengi ya soka yamelelewa na ligi ya England, tumebaki na picha ya zamani ya mzee mwenye koti refu anayeamua kila kitu, mpaka urefu wa nyasi.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ndiyo inayorudiwa zaidi: apewe muda, hata Ferguson alipewa muda. Historia yenyewe haina ubishi. Alex Ferguson alianza kazi Manchester United Novemba 1986 kwa kufungwa 2-0 na Oxford United. Misimu yake minne ya mwanzo iliisha katika nafasi ya 11, ya 2, ya 11 na ya 13. Kombe la kwanza, la FA, lilikuja 1990, na ubingwa wa ligi ukasubiri hadi 1993. Kasoro iko kwenye funzo tunalolichota humo. Timu ile ilijengwa na yale aliyoyafanya katika miaka hiyo, na aliyafanya kwa sababu alikuwa na mamlaka nayo. Mwaka 1989 aliwauza Norman Whiteside na Paul McGrath, wawili waliopendwa sana na jukwaa, kwani yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu nani anabaki. Alipanua mtandao wa wasaka vipaji, na kikosi cha vijana kilichotwaa Kombe la FA la Vijana mwaka 1992 kilikuwa na Giggs, Beckham, Butt na Gary Neville. Kocha mkuu wa leo hagusi hata nusu ya mambo hayo. Ukimpa miaka mitatu mtu asiyesajili, asiyeuza na asiyeisimamia akademi, umempa miaka mitatu ya kusubiri wenzake wafanye kazi yao. Halafu hoja hii inaficha jambo jingine: Ferguson tunamkumbuka kwa sababu alifanikiwa. Waliovumiliwa mpaka timu zikashuka daraja hawatajwi na mtu.

Pep Guardiola naye hutolewa ushahidi wa aina hiyo. Msimu wake wa kwanza Manchester City, 2016-17, alimaliza wa tatu kwa pointi 78 bila kombe lolote. Uliofuata akavuna pointi 100. Watu husema wachezaji walichukua mwaka mzima kumwelewa. Ni kweli kwa kiasi, ila tazama nani walikuwa bado wapo. Kiangazi cha 2017 mabeki wa pembeni wanne, Zabaleta, Sagna, Clichy na Kolarov, wote waliondoka. Wakaingia Walker, Mendy na Danilo, na golini Ederson akachukua nafasi ya Claudio Bravo. Mfumo unaoanza kujenga mashambulizi kwa kipa na mabeki wa pembeni ulipata kipa mpya na mabeki wapya wa pembeni. Sijui kwa nini sifa yote hupewa kalenda.

Upande wa wenye haraka hauko salama pia. Ole Gunnar Solskjær alipokabidhiwa United kwa muda Desemba 2018, alianza kwa kuichapa Cardiff 5-1 ugenini na kushinda mechi nane za kwanza katika mashindano yote. Machi 28, 2019 akapewa mkataba wa miaka mitatu. Msimu huohuo ukafungwa kwa kipigo cha 2-0 nyumbani, kutoka kwa Cardiff ileile, ambayo tayari ilikuwa imeshuka daraja. Maelezo ya hali kama hii hayahitaji uchawi. Kocha hatimuliwi siku yoyote tu. Anatimuliwa timu ikiwa chini ya kiwango chake. Chukua timu ambayo uwezo wake halisi ni pointi 1.5 kwa mechi. Katika mechi sita unaitarajia pointi 9. Safari hii imeambulia 3: mipira miwili imegonga mwamba, penalti imepotea, beki wa kati yuko majeruhi. Kocha anafungashiwa virago. Katika mechi sita zinazofuata, hata benchi akikaa mtunza vifaa, matarajio yanarudi kuwa 9, maana wachezaji ni walewale na beki amepona. Pointi 6 za nyongeza zinaandikwa kwa jina la mgeni. Mchumi Bas ter Weel alipochambua ligi ya Uholanzi kati ya 1986 na 2004, alizilinganisha timu zilizobadili kocha na zile zilizoanguka vilevile zikabaki na kocha wao, na akakuta kubadili kocha hakukuleta nafuu ya ziada. Kwa hiyo anayeimba baada ya ushindi wa kwanza na anayelaani baada ya kipigo cha kwanza wote wanasoma upepo.

Kinachosomeka mapema ni kama kazi anayoitaka kocha inalingana na watu alio nao. Xabi Alonso alipofika Bayer Leverkusen Oktoba 2022 aliikuta timu nafasi ya 17. Akaweka mabeki watatu wa kati na mawingibeki wawili, yaani watu wa pembeni wanaopanda na kushuka ubavu mzima, akamaliza msimu huo nafasi ya sita, na 2023-24 akatwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi: ushindi 28, sare 6. Amorim alikwenda United na umbo ambalo kwenye karatasi ni ndugu wa lile, 3-4-3 (mabeki watatu, viungo wanne, washambuliaji watatu), akamaliza ligi nafasi ya 15 kwa pointi 42. Mashabiki wakaamua kwamba mfumo wenyewe ndio mbovu. Leverkusen kulia alikuwepo tayari Jeremie Frimpong, wingibeki wa kuzaliwa. Kushoto akaletwa Alejandro Grimaldo kiangazi cha 2023, pamoja na Granit Xhaka wa kutuliza katikati. United upande wa kushoto alisukumwa mara nyingi Diogo Dalot, beki wa kulia anayetumia mguu wa kulia, mpaka Patrick Dorgu aliposajiliwa mwanzoni mwa Februari 2025 dirisha la usajili likiwa linafungwa. Mfano wa tatu ni Slot. Aliirithi timu inayofanana na anavyotaka kucheza, akamshusha Ryan Gravenberch kuwa kiungo mkabaji, akabeba ubingwa wa 2024-25 kwa pointi 84, na mchezaji mpya pekee aliyemtumia ni Federico Chiesa, tena kwa dakika za kuhesabika.

Tulitazame tatizo la wingibeki kwa karibu, maana ndipo wachezaji wengi hutukanwa bure. Katika ulinzi wa watu wanne, beki wa kulia ana winga mbele yake, na akipitwa, beki wa kati anafidia huku kiungo mkabaji akishuka kuziba. Katika ulinzi wa watatu, ubavu mzima ni wake peke yake: timu ikiwa na mpira awe karibu na boksi la wapinzani, ikipoteza awe beki wa tano. Sasa wapinzani wanaanzisha mpira nyuma na kumpa beki wao wa pembeni. Wingibeki anatoka kumkaba. Nyuma yake panabaki uwazi, kwa hiyo beki wa kati wa nje atoke kumfuata winga, yule wa katikati asogee kuziba alipotoka mwenzake, na wingibeki wa upande wa pili aingie ndani. Ni hatua nne, na zote zinatakiwa kuanza mpira ukiwa bado unasafiri. Mtu aliyecheza miaka kumi katika ulinzi wa watu wanne husubiri winga apokee kwanza ndipo atoke. Akifika, winga ameshageuka, anaangalia goli. Jukwaani inaonekana beki mzito amepitwa kirahisi. Uzito haupo, amechelewa nusu sekunde kwa sababu mwili wake unafuata mazoea. Katikati nako viungo wawili wanakutana na watatu, na mmoja wa washambuliaji wa ndani asiposhuka, utamwona kiungo wa wapinzani akipokea, akigeuka na kutembea na mpira bila mtu kumgusa. Ukiona hivyo mara tatu ndani ya dakika 20, usimlaumu kiungo wako. Hesabu nani hakushuka.

Mazoea kama hayo yanavunjwa mazoezini, na hapo ndipo ratiba inapomkaba kocha. Timu inayocheza Jumamosi hadi Jumamosi huwa na wiki hivi: Jumapili waliocheza wanalegeza misuli na waliokaa benchi wanafanya kazi kamili, Jumatatu mapumziko, Jumanne na Jumatano kazi nzito, Alhamisi mbinu kwa kasi ya mechi, Ijumaa kona, faulo na mazoezi mepesi. Siku za kufundisha kweli ni tatu. Ongeza mechi ya Ulaya Jumatano na siku hizo zinatoweka: Jumapili na Jumatatu ni kupumzisha miguu, Jumanne ni kupitia nafasi kwa mwendo wa kutembea, Jumatano mechi, Alhamisi miguu tena, Ijumaa safari au kona. Kinachobaki ni video. Kocha anayeingia Novemba katika timu yenye ratiba hiyo anaweza kufika Mwaka Mpya bila kupata wiki tatu kamili za mazoezi. Ndiyo maana tarehe ya kuajiriwa ina uzito kuliko wasifu. Kocha huyohuyo, na kikosi hichohicho, akianza Julai anapata wiki tano au sita za maandalizi ya msimu na mechi za kirafiki za kukoseamo.

Tena mafundisho hayana bei moja. Kupanga ulinzi wa kona kunaweza kutulia ndani ya wiki mbili: nani anasimama nguzo ya karibu, nani anamzuia mpigaji wao mkuu wa vichwa, nani anabaki nje ya boksi kuokota mpira unaorudi. Kukaa pamoja nyuma na kuziba katikati huchukua wiki kadhaa. Kujenga mashambulizi kutoka nyuma chini ya shinikizo kunachukua miezi, kwa sababu kunamhusu kipa, mguso wa kwanza wa kila beki, pembe ya mwili wa kiungo anapopokea, na ujasiri wa kurudia pasi ileile baada ya kuipoteza wiki iliyopita ikazaa bao. Kwa hiyo swali la kumuuliza kocha mpya ni je, anachokitaka kinafundishika kwa siku alizonazo? Kocha mwenye wazo zuri la miezi minane aliyeajiriwa kuokoa timu ndani ya wiki kumi ni ajira mbaya, na kosa hilo si la kocha.

Mechi tano za mwanzo mimi nisingeangalia matokeo, ningeangalia umbali. Timu inapokaba juu, kati ya mshambuliaji wa mbele na mstari wa mabeki panatakiwa pawe na mita 30 hivi, 35 ukiwa mpole. Washambuliaji wakikimbia kukaba huku mabeki wamebaki karibu na boksi lao, panafunguka mita 50 na pasi moja ndefu inawatoa watu watano mchezoni. Kosa hilo linaonyesha kwamba nusu ya kikosi imemwelewa kocha na nusu bado inaogopa mbio za nyuma yake. Ikifika mechi ya kumi, angalia timu inaposhambulia: nyuma ya mpira wamebaki wangapi na wamesimama wapi? Wakiwa watano waliopangwa, hata shambulizi likikatika hakuna hatari kubwa. Wakiwa wawili wanaotazamana, mtafungwa bao la kushtukiza leo au wiki ijayo, hata kama leo mmeshinda 3-0. Angalia pia ubora wa nafasi mnazoruhusu. Mashuti 15 kutoka mita 25 hayamtishi mtu. Mashuti manne kutoka mita nane ni kengele. Haya yakianza kunyooka huku matokeo bado mabaya, kuna sababu ya kusubiri. Matokeo yakiwa mazuri huku haya hayajaguswa, furahini, lakini msimuongezee mkataba.

Mtu makini atanipinga kwa kumtaja Walid Regragui. Alichukua timu ya taifa ya Moroko mwishoni mwa Agosti 2022, akapata mechi tatu za kirafiki, na Desemba akawa nusu fainali ya Kombe la Dunia, ya kwanza kwa timu ya Afrika. Kabla ya nusu fainali hiyo nyavu zake zilitikiswa mara moja tu, tena kwa bao la kujifunga dhidi ya Canada. Siku hizo chache zilimtosha vipi? Zilimtosha kwa sababu alichagua somo linalofundishika: kukaa pamoja katika nusu yao, kuziba katikati, kutoka kwa kasi pembeni. Akamrudisha Hakim Ziyech, ambaye mtangulizi wake Vahid Halilhodžić alikuwa amemweka kando. Alipima siku zake kabla ya kuchagua mbinu, na hilo ndilo ninalodai. Emerse Faé ni mgumu zaidi kwangu. Januari 2024 Ivory Coast ilipigwa 4-0 nyumbani na Guinea ya Ikweta, Jean-Louis Gasset akaondoka, Faé aliyekuwa msaidizi wake akakabidhiwa timu katikati ya mashindano, na Februari 11 akabeba Kombe la Afrika kwa kuifunga Nigeria 2-1. Hapo nakubali kuwa sauti mpya kwenye chumba cha kubadilishia nguo inaweza kuamsha watu. Lakini njia yake ilipitia penalti ya dakika ya 86 dhidi ya Senegal na bao la kusawazisha la dakika ya 90 dhidi ya Mali wakiwa kumi uwanjani. Mashindano ya mtoano yanaweza kubebwa na moyo kwa wiki tatu. Ligi ya mechi 38 haibebeki hivyo.

Wenye mashaka wanaosema "ligi aliyotoka ni nyepesi" wana punje ya ukweli, ila wanaiweka mahali pasipo pake. Ugumu wa kuhama ligi uko kwenye muda ambao mchezaji anapata akiwa na mpira. Mbinu inayompa kiungo sekunde mbili za kuinua kichwa inakufa mahali anapopewa moja. Kocha mzuri huligundua hilo ndani ya mwezi na kurahisisha, na kuna wanaokataa kurahisisha; hao unaweza kuwatilia shaka kwa haki.

Mambo yakiwa hivi, hasira za jukwaani zinakwenda kwa mtu asiyestahili nyingi kati yake. Orodha ya usajili ya Ligi Kuu England ina nafasi 25 kwa wachezaji waliovuka umri wa vijana. Klabu ikiajiri kocha wa 4-3-3, kisha wa 3-4-3, kisha wa kukaa nyuma na kushtukiza, nafasi hizo zinajaa masalia: mawinga wanne wa enzi ya kwanza, mawingibeki wawili wa enzi ya pili, na mshambuliaji mrefu wa enzi ya tatu ambaye mkataba wake mnono haumwachi aende popote. Kocha wa nne anapowasili anakabidhiwa stoo hiyo na kuambiwa aifanye timu. Kwenye mkutano wa utambulisho mwandishi anamuuliza: utacheza mfumo gani? Swali hilo lingeelekezwa kiti cha pili, kwa mkurugenzi aliyemchagua yeye na watatu waliomtangulia, ambaye muda huo anatabasamu mbele ya kamera, ameshika upande mmoja wa jezi.